Kukinga mzigo kwa mbao kwenye tela la flatibedi (lisilo na kuta za pembeni), hatua kwa hatua

Kila akija kijana mpya wa kupakia, au utingo anayetaka kuwa dereva, maswali ni yaleyale. Mikanda ipo, mbao za nini? Nipige misumari mingapi? Ubao gani unafaa? Sakafu ya tela ni bati, nitagongelea wapi? Majibu yako hapa chini, kwa mpangilio wa kazi yenyewe ilivyo uwanjani.

Tutumie mzigo mmoja kama mfano: jenereta ya tani 10 iliyofungwa kwenye kitako cha chuma, inatoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka mpaka. Njia hiyo ina kila kitu kinachoufungua mzigo: matuta ya kila kijiji, breki za ghafla Mikumi mnyama akikatiza, kona na mwinuko wa Kitonga, kisha foleni za mpakani ambazo unasogea mita tano na kufunga breki kutwa nzima. Mwishoni nitagusa mizigo mitatu yenye tabia zake: koili za chuma, mabomba na shaba.

Hesabu moja kabla ya nyundo

Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, mzigo husukuma kwenda mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Kwenye kona husukuma pembeni kwa asilimia 50, na gari likiondoka kwa kishindo husukuma nyuma kwa asilimia 50. Ndivyo kanuni za Marekani na za Ulaya zinavyohesabu. Kwa jenereta yetu ni tani 8 mbele, tani 5 kila upande na tani 5 nyuma.

Nini kinazuia tani 8 hizo? Kwanza ni msuguano wa chini. Chuma kikikaa juu ya chuma, msuguano unashika kama tani 1 mpaka 2 tu kati ya 10. Weka mbao katikati, unafika kama tani 3. Weka mpira, unaweza kufika tani 6.

Sasa mkanda. Soma lebo yake. Wengi wanaona LC 2500 daN na kusema mkanda huu unashika tani mbili na nusu. Hiyo ni nguvu unayoweza kuuvuta mkanda kwa kunyooka bila kuuumiza. Ukiupitisha juu ya mzigo na kuukaza kwa mkono, unachopata ni ile namba nyingine, STF, ambayo kwa racheti za kawaida ni kama 300 daN, yaani kilo 300 hivi. Pande mbili, kilo 600 za kugandamiza chini, tena hapo tumeuhurumia, maana upande usio na racheti huwa umelegea kidogo. Juu ya mbao, kilo 600 hizo zinaongeza msuguano wa kilo 180 tu. Una tani 8 za kuzuia, mbao za chini zimeshika 3, zimebaki 5. Kwa mikanda ya kupitisha juu peke yake ungehitaji zaidi ya 27. Hakuna tela litakaloonekana na mikanda 27 juu ya jenereta moja.

Kwa hiyo kazi zigawanywe: mkanda unazuia mzigo usiruke, mbao zinazuia usiende. Anayeweka mbao bila mikanda kakosea sawa na anayeweka mikanda bila mbao, kwa sababu tuta moja tu linatosha kuunyanyua mzigo ukapita juu ya kizuizi cha inchi nne.

Vitu vya kuwa navyo kabla winchi haijaita

- Mbao za 4×4 (vipimo vyote vya mbao hapa ni inchi) za kulaza chini ya mzigo, na chache za 6×6 kwa vizuizi vikubwa. Paini ya Mafinga inafaa kwa kazi nyingi, tena inashika msumari vizuri. Kwa kabari na mahali penye uzito mkubwa kwenye eneo dogo, tafuta mti mgumu kama mkaratusi uliokauka.
- Mbao za 2×4 na 2×6 za kuungia na kugongelea juu.
- Kabari zilizokatwa tayari, mbilimbili za ukubwa sawa.
- Misumari ya inchi 4, 5 na 6.
- Vipande vya mpira mnene. Mkanda wa konveya uliochakaa ni bora kuliko tairi, kwa sababu umenyooka.
- Mikanda ya racheti ya milimita 50 yenye lebo inayosomeka. Minyororo na vikazio vyake kwa mashine. Kona za plastiki au chuma za kulinda mkanda usikatwe.
- Msumeno, nyundo nzito, mtaimbo, futi, chaki, drili yenye biti nyembamba, ufagio.
- Glovu, buti za chuma, kofia ngumu.

Kuhusu mbao zenyewe: kataa yenye ufa mrefu, yenye fundo kubwa katikati, iliyooza ncha, au yenye magamba. Magamba yanateleza, na pia yanabeba wadudu. Mzigo ukivuka mpaka, mbao za kukazia zinahesabika pamoja na vifungashio vya mbao chini ya kiwango cha kimataifa cha ISPM 15, kinachotaka zipashwe joto mpaka nyuzi 56 kwenye kiini kwa dakika 30 na kupigwa muhuri wenye herufi HT, au zitibiwe kwa njia nyingine inayokubalika. Ukiweza kupata zenye muhuri, chukua hizo. Kugombana na mkaguzi wa mimea mpakani kwa sababu ya vipande sita vya mbao ni hasara ya kijinga.

Na mbao mbichi zisiguse mzigo wa safari ndefu. Ubao unaotoka maji leo utasinyaa njiani, na kila milimita unaposinyaa mkanda unalegea.

Hatua ya 1: Fagia tela, kisha ingia chini yake

Fagia kweli. Mchanga, mafuta, saruji iliyomwagika safari iliyopita, vyote vinafanya kazi ya kilainishi. Kama kuna mafuta, mwaga vumbi la mbao, lifyonze, ulifagie litoke.

Halafu ingia chini ya tela na tochi. Angalia mihimili mikuu miwili inapopita, na ile midogo ya kukingama. Zipige alama ya chaki pembeni ya tela ili uzione ukiwa juu. Kama sakafu ni ya mbao, angalia pia mabomba ya upepo wa breki na nyaya za taa zinapopita. Msumari wa inchi 6 ukitoboa sakafu unatokea chini, na wapo waliotoboa bomba la breki wakagundua baadaye breki za tela haziachii.

Hatua ya 2: Amua mzigo utakaa wapi

Kosa la kawaida ni kuusukuma mzigo mzito mpaka uguse ukuta wa mbele wa tela ili kuokoa mbao. Ukifanya hivyo kwa mzigo mmoja mzito, ekseli za kichwa (gari linalovuta tela) zinazidi wakati za tela ziko tupu, na mizani ya Vigwaza itakurudisha. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela zenye tairi mbilimbili. Jenereta ya tani 10 peke yake haitavunja hizo, lakini ukiichanganya na mizigo mingine, mahali inapokaa ni muhimu.

Tafuta kitovu cha uzito wa mzigo. Mashine nyingi zina alama ya kitovu, au alama za minyororo ya kunyanyulia. Usidhani kiko katikati: mara nyingi upande mmoja ni mzito kuliko mwingine. Kitovu hicho ndicho kikae kwenye mstari wa katikati ya tela, hata kama kwa macho mzigo unaonekana umekaa upande.

Piga chaki sakafuni kuonyesha pembe nne za mzigo. Winchi ikishanyanyua, hakuna muda wa kupima.

Hatua ya 3: Panga mbao za chini

Laza 4×4 kukingama upana wa tela, ncha zikifika juu ya mihimili yote miwili mikuu. Ubao unaoishia katikati ya mihimili unabebesha bati tupu, na bati linabonyea. Kwa jenereta yetu weka nne: moja karibu na kila ncha ya kitako na mbili katikati. Juu ya kila alama ya chaki uliyoipiga ya mhimili wa kukingama, kama nafasi inaruhusu.

Mbao zote ziwe na unene mmoja. Pima. 4×4 za viwanda viwili tofauti zinaweza kutofautiana karibu sentimita nzima, na ubao mmoja ukiwa mwembamba mzigo utakalia mbao tatu na kutikisika kwenye ya nne safari yote.

Kama ubao si mraba, tuseme 4×6, ulaze kwa upande mpana. Ukisimama kwa upande mwembamba, breki ya kwanza unabingirika na mzigo unashuka kwa kishindo.

Chini ya kila ubao weka mpira, na juu yake mpira pia. Hapa wengi wanaweka mmoja tu, kati ya ubao na mzigo, na wanasahau kwamba ubao na mzigo vinaweza kuteleza pamoja juu ya bati. Mpira wa chini ndio muhimu zaidi kwenye tela la bati.

Acha ncha za mbao zitokeze angalau sentimita 20 nje ya mzigo kila upande. Utaelewa kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Shusha

Mtu mmoja tu ampe ishara mwendesha winchi. Mikono isiingie chini ya mzigo kamwe. Ubao ukihitaji kusogezwa, sukuma kwa ubao mwingine mrefu au mtaimbo. Mzigo ukigusa mbao, usimwambie winchi aachie. Muache ashikilie uzito kidogo, zunguka, tazama kama mbao zote zimeguswa. Kama kuna ubao wenye mwanya wa kupitisha karatasi ngumu, mzigo unyanyuliwe tena na ubao huo upachikwe kipande chembamba, upana sawa na ubao wenyewe. Vijiti na vipande vya maboksi havihesabiki.

Hatua ya 5: Ziba nafasi ya mbele

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wengi wanapolipua. Tuseme kati ya jenereta na ukuta wa mbele kuna mita tatu. Unajenga fremu ya mbao kati yake, inayopeleka nguvu ya mzigo mpaka kwenye kitu imara cha tela.

Kwanza jiulize kama ukuta wa mbele ni imara. Upo ulioungwa na bati la milimita mbili kwa ajili ya kuzuia vumbi tu. Ukisukuma kwa bega ukatingishika, usiuamini. Badala yake tumia loki za kontena (vyuma vya kufungia kontena kwenye tela) zilizo mbele ya mzigo, kama zimeungwa kwenye chasisi na zinanyanyuka juu ya sakafu: laza 6×6 kukingama, iegemee loki zote mbili, hiyo ndiyo iwe ukuta wako.

Sasa jenga hivi:

a) Laza ubao mmoja wa 4×6 au 6×6 kukingama, uguse ukuta au loki. Laza mwingine uguse kitako cha jenereta. Uguse chuma cha kitako, usiguse redieta wala mlango wa boksi.

b) Kata 4×4 mbili za urefu wa kuunganisha hizo mbili. Kila moja ikae kwenye mstari mmoja na chuma cha kitako cha upande wake, ili nguvu isafiri moja kwa moja. Kata ncha zake mraba kabisa. Ubao ukisimama kwa urefu wa nyuzi zake unabeba mara kadhaa zaidi ya ukibanwa kwa ubavu, lakini ncha ikiwa imekatwa kwa mshazari, inagusa kwa kona tu, kona inapondeka, na mwanya umerudi.

c) Ubao wa mita tatu ukisukumwa kwa ncha unapinda katikati na kuvunjika. Uvunje urefu: kila baada ya kama mita moja gongelea 2×4 inayounganisha zote mbili juu, na nyingine moja ya mshazari. Sasa ni fremu.

d) Hakikisha haibaki nafasi. Mzigo wenye sentimita tano za kukimbia ni hatari, kwa sababu unafika kwenye kizuizi ukiwa na kasi. Ingiza kabari mbili zinazotazamana kati ya ubao wa kukingama na ncha ya 4×4, moja ikiingia kutoka kushoto na nyingine kulia, zigonge kwa zamu mpaka sauti ya nyundo ibadilike iwe kavu. Kisha zigongelee msumari kila moja zisirudi.

e) Pitisha mkanda mmoja juu ya fremu yenyewe. Kwenye matuta fremu isiyofungwa inaruka na kutoka mahali pake.

Kuhusu misumari, swali la mingapi: msumari haupo kwa ajili ya kuzuia jenereta. Mmoja unashika mamia machache tu ya kilo kwa ubavu, na ukivutwa kwa kunyooka unatoka. Kazi yake ni kuzuia ubao usitoke mahali pake, na ubao ndio unaozuia jenereta. Kwa hiyo mitatu au minne kila maungio, isiwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi, isikaribie ncha. Urefu uwe mara mbili na nusu ya unene wa ubao unaogongelea: kwa ubao wa inchi 2, msumari wa inchi 5. Usigongelee kwenye uso wa ncha ya ubao ukategemea utashika. Huko unaingia kati ya nyuzi na unatoka kwa urahisi uleule ulioingia.

Hatua ya 6: Pembeni na nyuma

Flatibedi haina kuta za pembeni, kwa hiyo huna pa kuegemeza. Hapa ndipo zile ncha za sentimita 20 zinapofanya kazi: gongelea kipande cha 4×4 juu ya kila ncha, kikibana kitako cha jenereta pande zote mbili. Sasa mzigo hauwezi kuteleza juu ya mbao za chini. Na mbao za chini zenyewe hazitelezi kirahisi kwa sababu zina mpira. Kama tela lina mifuko ya vigingi pembeni, weka vigingi vya chuma na jaza nafasi kati ya kigingi na ncha ya ubao.

Nyuma jenga fremu kama ya mbele, ikiegemea loki za nyuma ya mzigo. Ikishindikana, minyororo ya hatua inayofuata ibebe kazi hiyo. Usiidharau nyuma. Ukiwa unapanda Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni na gari likasimama kwenye kona na kuondoka tena kwa gia ya kwanza, mzigo wote unavutwa nyuma.

Tela la sakafu ya mbao linakuruhusu kugongelea vizuizi sakafuni moja kwa moja. Fanya hivyo kama nyongeza, baada ya kuangalia mabomba ya chini, na kama mwenye tela amekubali. Tela la bati usilichomelee vyuma bila ruhusa ya mwenyewe. Na akiruhusu, kichwa kitenganishwe kwanza na nyaya za tela zichomolewe.

Hatua ya 7: Mikanda na minyororo

Kwa mashine, minyororo minne ya pembeni ni bora kuliko mikanda. Miwili ivute mbele, miwili ivute nyuma, kila mmoja kwa mshazari kutoka sehemu ya kufungia kwenye kitako mpaka pete ya tela. Mnyororo wa namna hii hautegemei msuguano, unavuta wenyewe. Mnyororo wa milimita 8 wa daraja la 80 una uwezo wa kufunga wa kama tani 4, wa milimita 10 kama tani 6.3. Wa daraja la 70 ni mdogo zaidi, kwa hiyo soma kibati chake. Kanuni rahisi ya Wamarekani: jumla ya uwezo wa vifungio vyako isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Nusu hiyo ni kiwango cha chini. Ukiikuta umeifikia kwa shida, ongeza.

Mkanda wa kupita juu uwe mahali palipo na ubao chini yake, la sivyo unaukunja mzigo katikati. Kadiri unavyosimama wima ndivyo unavyogandamiza: ukiwa na pembe ya nyuzi 30 tu kutoka sakafuni, nusu ya nguvu imepotea. Weka kona kila penye ncha kali. Zungusha racheti mizunguko miwili mpaka mitatu ya mkanda kwenye roli yake: chini ya hapo unachomoka, zaidi sana unajaa na haukazi. Na usiongeze bomba kwenye mpini wa racheti ili ukaze zaidi. Utaukata mkanda au utajivunja taya.

Hatua ya 8: Kagua, endesha kidogo, kagua tena

Kanuni za Marekani zinataka dereva akague mzigo ndani ya kilomita 80 za kwanza, kisha kila saa tatu au kilomita 240, kinachotangulia. Kwa njia yetu ni rahisi kuikumbuka. Simama Kibaha au Mlandizi, maana mbao zinajikaza zaidi kwenye kilomita za mwanzo na mikanda lazima iwe imelegea. Kwenye foleni ya mizani Vigwaza una muda wa bure, utumie. Kisha Morogoro, kisha Ruaha Mbuyuni kabla ya mlima, kisha Makambako, kisha Uyole. Kila kituo: gusa kila mkanda, gonga kila kabari, tazama alama za chaki ulizopiga sakafuni. Mzigo ukiwa umehama, chaki itakuambia kabla ya macho.

Mizigo mitatu yenye tabia zake

*Koili za chuma.* Koili iliyolazwa inataka kubingirika. Kabari za pembetatu zenye pembe ya nyuzi 45, mbele na nyuma, urefu wake kwenda juu usipungue theluthi moja ya nusu-kipenyo. Koili ya kipenyo cha mita 1.2 ina nusu-kipenyo cha sentimita 60, kwa hiyo kabari ya sentimita 20. Vipande vya tofali na mawe havina kazi hapa. Kabari ziungwe pamoja na mbao za urefu pande zote mbili, ziwe kitanda kimoja ambacho koili inakalia bila kugusa sakafu; kabari isiyoungwa inasukumwa na koili kama sabuni. Halafu minyororo ipite kwenye tundu la koili. Koili haishikiliwi na mbao peke yake.

*Mabomba.* Safu ya chini ikalie mbao za 4×4, bomba la mwisho kila upande lifungwe kwa kabari iliyogongelewa kwenye ubao huo. Kati ya safu na safu mbao tena, zikae wima moja juu ya nyingine. Vigingi vya pembeni ni lazima, na safu ya juu isizidi urefu wa vigingi. Mabomba ya plastiki yanabonyea kwenye jua la Mikumi na mikanda inalegea, kwa hiyo ongeza vituo vya kukagua.

*Shaba.* Bandali za shaba kutoka Kolwezi na Likasi huko Kongo zinazorudi na tela kupitia Kasumbalesa na Tunduma ni za tani mbili na zaidi kila moja, ziko chini, na zinaonekana kama haziendi popote. Ndiyo sababu wengi wanazifunga ovyo. Shaba juu ya bati inateleza vibaya. Weka mbao na mpira chini ya kila safu, zigusane bandali kwa bandali kwenda mbele, jaza kila mwanya kwa mbao, na kizuizi cha mbele kiwe cha 6×6. Kumbuka kwamba kwenye kurudi Kitonga unaishuka, kwa hiyo mbele ndiko kunakoelemewa. Usitegemee zile bendi za chuma za kiwandani. Zimewekwa kushikilia bandali moja, hazikuwekwa kwa ajili ya safari.

Mambo yakienda kombo

*Mikanda inalegea kila kituo.* Ikilegea mara moja au mbili mwanzoni, ni kawaida. Ikiendelea baada ya Morogoro, mbao zako ni mbichi, au ubao mmoja wa chini unapondeka. Tafuta ubao wenye alama ya chuma iliyozama. Kama umezama zaidi ya sentimita moja, weka bamba au ubao mgumu hapo kwenye kituo chenye winchi. Kukaza tu mkanda ni kuficha.

*Ubao unapasuka kila nikipiga msumari.* Toboa kwanza kwa biti nyembamba kuliko msumari, au ponda ncha ya msumari kwa nyundo kabla ya kuupiga. Mkaratusi uliokauka hautaki ubishi: toboa.

*Kabari zinarudi nje.* Mteremko wake ni mkali mno. Za kubania ziwe nyembamba na ndefu, urefu kama mara nne au zaidi ya unene. Zile za nyuzi 45 ni za kuzuia kubingirika, si za kubania, na watu wanazichanganya mara nyingi sana.

*Chaki inaonyesha mzigo umehama sentimita mbili.* Usijaribu kuurudisha kwa breki za makusudi. Simama mahali tambarare, ziba mwanya uliofunguka kwa ubao wa unene huohuo, gonga kabari upya, kaza. Kisha tafuta sababu: mara nyingi ni ubao usio na mpira chini, au kizuizi cha mbele kilichopinda. Ukihama zaidi ya hapo, au ukihamia pembeni, unahitaji winchi kabla ya kuendelea.

*Tela linainamia upande mmoja baada ya kupakia.* Kagua begi za upepo na springi kwanza. Zikiwa nzima, kitovu cha uzito hakiko mahali ulipodhani. Pakua, hamisha, panga upya. Kona za Kitonga hazitakusamehe hilo kwa kuongeza mikanda.

*Kufungua mwisho wa safari.* Kabla ya kugusa racheti, zunguka mzigo wote uone kama umeegemea mkanda au kigingi. Ukiwa umeegemea, winchi au foklifti ishike mzigo kwanza. Simama upande ambao mzigo hauwezi kukuangukia, fungua mikanda ya ncha, ya katikati iwe ya mwisho. Mbao zilizopona zing'oe misumari hapohapo sakafuni kabla ya kuzipanga. Zinatumika tena safari ijayo, na tairi zako zipo palepale zinaposubiri misumari.